Kutoka Chumvi Mpaka Mabati

Kwa miaka zaidi ya thelathini hakuna gunia lililopanda lori la kwenda Malambo kutoka yadi moja ya Karatu bila baba yangu kulionyesha mahali pake. Hakubeba. Kubeba aliacha zamani, mgongo ulipomkatalia. Alisimama chini, nyuma ya bodi, kulabu ya chuma mkononi, akaita mzigo mmoja mmoja kama mwalimu anavyoita majina darasani. Kila mzigo ulipopita mbele yake aliuonyesha mahali kwa ncha ya kulabu: pale, kulia, laza, simamisha, hapana, geuza. Lori alilolipanga yeye, alisema, lingeweza kubeba trei ya mayai hadi Malambo na lisivunjike hata yai moja. Madereva walicheka lakini hawakubisha.

Kazi hiyo aliitoa Tanga, bandarini, alikofanya ukuli tangu ujana, kama baba yake kabla yake. Sikuzaliwa Tanga. Lakini nimelelewa nayo, kwa sababu nyumbani kwetu kila jambo lilipimwa kwa mji ule. Chai ikiwa nyepesi, ilikuwa chai ya melini. Mtu mvivu alikuwa winchi mbovu. Tanga ya baba ilikuwa ya marobota ya mkonge yanayokwaruza mabega mpaka damu, na ya wanaume wanaotukanana tangu alfajiri kisha mchana wakala sinia moja. Meli kubwa hazikufika gatini siku hizo. Zilitia nanga mbali, na mzigo ulipelekwa kwa matishari, yale mashua mapana ya kukokotwa, kwa hiyo kila robota lilipangwa mara mbili, kwanza kwenye tishari na tena melini. Aliyepanga vibaya aliumbuka mara mbili.

Mji ule ulijengwa na reli na mkonge. Wajerumani walianza, Waingereza wakaendeleza, kisha ukawa wetu, na baba alisema katika zamu zote tatu mgongo uliobeba ulikuwa uleule. Mkonge ulipoanguka bei, mji haukuanguka siku moja. Ulikonda polepole, kama mtu asiyetaka majirani wajue. Meli zilizokuja kila juma zikaja kila mwezi. Makuli wakakaa vibarazani wakinywa kahawa na kusikiliza kama king'ora kitalia. Baba hakuweza kukaa. Alidandia lori la sukari hadi Arusha, akadandia jingine hadi Karatu, na alipouliza barabara inaendelea wapi baada ya hapo, akaambiwa: inapanda, na huko juu hakuna maduka. Akashuka.

"Hii ni bandari," alimwambia mama yangu walipooana. "Haina maji tu."

Nilipokuwa mdogo niliona maneno hayo ni ya mtu anayekumbuka kwao. Baadaye, nilipoanza kuripoti habari, niliyaona ni maelezo sahihi kabisa ya mji wetu. Karatu ni mji wa kufika na kuondoka. Asubuhi Landkruza za watalii zimejipanga kwenye vituo vya mafuta, madereva wakipokea maboksi ya chakula, redio zikikoroma, wageni wamevaa makoti mazito kwa ajili ya baridi ya juu kwenye kreta ya Ngorongoro. Saa mbili hawapo tena. Jioni wanarudi wakiwa wamepakwa vumbi jekundu, wanalala, na kesho wengine. Katikati ya hayo kuna mji mwingine, wa magunia. Vitunguu vinapanda kutoka Mang'ola, ngano na maharage ya ngwara yanatoka kwa wakulima wa Kiiraqw, na madukani kwa Waislamu wenzetu sukari, unga, chumvi na mashuka vinasubiri kwenda kwa wafugaji. Watu wanasemezana kwa ukali bila kugombana. Mimi nakumbuka kabla ya lami, tope likishika magari nje ya duka letu, na wanaume wa makabila manne wakisukuma gari moja na kutukanana kwa lugha nne. Baba alisimama mlangoni akifurahi. Alikuwa amefika kwao.

Kulikuwa na desturi moja ya bandarini ambayo aliisimulia kuliko zote. Kuli yeyote akiona mzigo umepangwa vibaya, alisema, aligonga chuma kwa kulabu yake mara tatu. Kazi yote ilisimama. Msimamizi alikagua, akatafuta kosa, likarekebishwa. Hakuna aliyeuliza nani amegonga. "Ukiuliza nani," baba alisema, "kesho hagongi mtu, na keshokutwa tishari linapinduka."

Nilipokuwa mwandishi wa kujitegemea nilitumwa Tanga mara moja, kwa habari nyingine, nikatumia jioni mbili kuitafuta Tanga ya baba. Nilipita Ngamiani, barabara kwa barabara, baiskeli zikinipita kimyakimya. Bandarini mlinzi hakuniruhusu kuingia. Nikachungulia kwa nje, nikaona bandari inayoanza kunenepa tena, winchi mpya, meli imesogea gatini, hakuna tishari. Kwenye benchi la wauza kahawa nilimpata mzee aliyewahi kuwa kuli. Nilimuuliza habari ya kugonga chuma mara tatu.

Alicheka mpaka kikombe kikamwagika. "Kugonga? Binti yangu, sisi tulitukanana tu! Ukikosea unatukanwa wewe, mama yako na shamba lake. Nani huyo alikuwa na subira ya kugonga?"

Nilimwambia mzee ni baba yangu.

"Genge gani?" akauliza.

Sikujua. Akaniambia magenge yalikuwa mengi, pengine genge lake lilikuwa la wastaarabu. Akacheka tena. Niliandika yote kwenye daftari, na niliporudi Karatu baba aliuliza swali moja tu: "Matishari bado yapo?" Nikasema hayapo. Habari ya mzee wa kahawa sikumpa.

Mama alipofariki nilirudi nyumbani, nikawaambia wenzangu wa kazini Arusha kwamba ni kwa mwezi mmoja. Begi langu lilikaa nyuma ya mlango mwaka mzima na zaidi. Nilitoa nguo na kurudisha nguo bila kulihamisha. Kila Jumatatu nilijiambia Ijumaa nitaondoka. Kulikuwa na kazi ya chumba cha habari iliyokuwa ikinisubiri, na aliyeniwekea aliuliza kila nilipompigia simu kama bado nipo. Nilikuwa nikitembea kwenye ua usiojaa hatua ishirini, kutoka karo hadi mlango wa jiko, kutoka mlango wa jiko hadi karo, mpaka baba akaniambia nimekuwa kama fisi wa kreta.

Kilichonizuia kilikuwa kumbukumbu yake. Ilianza kwa vitu vidogo. Alisalimiana na mtu mara mbili katika dakika tano. Aliweka funguo za duka kwenye pipa la unga. Kisha likaja la yadini. Dumu la mafuta ya taa liliwekwa juu ya viroba vya unga, jambo ambalo yeye mwenyewe angemfukuzia mtu kazi, na viroba vikarudi kutoka Malambo vikinuka taa. Mama mwenye duka kule alituma ujumbe kwa dereva: mwambieni mzee kwamba ng'ombe tu ndio wanaooga dawa, sisi hatuli taa.

Mwenye lori alikuwa mama wa Kiiraqw, mkulima wa ngwara, mjane, aliyerithi Fuso kutoka kwa mumewe na kulisimamia vizuri kuliko yeye. Alikuja nyumbani na lita mbili za maziwa, ishara kwamba mazungumzo yatakuwa magumu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Ng'ombe wanakamuliwa?"

"Wanakamuliwa." Alikaa, akazungusha kikombe chake. "Baba, umepanga gari hili tangu marehemu akiwa kijana. Mimi siwezi kukwambia pumzika. Lakini wateja wananiambia mimi."

"Wewe sema. Maziwa nimeshayapokea, siwezi kukufukuza."

Alicheka kidogo, kisha akasema. Safari inayokuja baba apange. Lori likirudi bila lalamiko, yadi ni yake mpaka atakapochoka mwenyewe. Likirudi na lalamiko, atakaa nyumbani, naye atamtafuta mwingine. Baba aliinamisha kichwa kama anayekubali bei. Mama yule alipoondoka, baba alikaa akisugua kulabu kwa kitambaa chenye mafuta, upande huu, upande ule, kwa muda mrefu.

"Wakininyang'anya yadi," alisema, "nitakuwa mtu wa kuulizwa kama nimekula."

Siku ya kupakia tulifika yadini saa kumi na mbili na nusu. Kulikuwa na ukungu, na baridi ile ya Karatu inayoingia kwenye vifundo vya vidole. Njia ya kawaida ya lori lile niliijua kama kila mtu alivyoijua. Linapanda kupitia lango la Ngorongoro, linapita ukingo wa kreta, linateremka nyikani hadi Malambo na kushusha huko kwanza. Kisha linakwenda Engaresero, kwenye maduka na kambi za watalii pale Ziwa Natron, na kurudi nyumbani kwa chini, kupitia Mto wa Mbu. Kwa hiyo baba alianza siku zote na mzigo wa Engaresero, ukakaa ndani kabisa, karibu na kichwa cha gari. Wa Malambo ukaja mwisho, mlangoni. Ili wapakiaji wasichanganye, alifunga kila mzigo kipande cha kitambaa. Chekundu kilikuwa cha Malambo, cha bluu cha Engaresero.

Asubuhi hiyo dereva, Mwiraqw mwembamba anayependa kutania, alikuja na habari nyingine. Mvua ilikuwa imekata njia ya nyikani baada ya kreta. Magari mawili yalikuwa yamelala kwenye tope.

"Mzee, tunazunguka," alimwambia baba. "Tunaanza na chini. Mto wa Mbu, Engaresero, halafu ndiyo tupande Malambo. Engaresero kwanza, Malambo mwisho. Umenipata?"

"Nimekupata. Mimi si kiziwi."

"Sawa nahodha."

"Nahodha ni wewe. Mimi napanga tu. Ukizama nchi kavu usinitaje."

Wapakiaji walicheka. Nilikuwa nimekaa juu ya rundo la matairi, na kwa mazoea ya kazi nilitoa daftari nikaandika: *Njia imegeuzwa. Engaresero kwanza. Baba ameambiwa, amejibu.*

Kisha baba akainua kulabu, akaita, "Chumvi!"

Chumvi ilikuwa na kitambaa cha bluu.

Magunia ya kwanza yalipoingia mpaka kichwani mwa gari nilidhani ana mpango wake. Pengine chumvi ni nzito, nikawaza, anaitaka mbele. Ikafuata sabuni, bluu. Zikafuata kreti za soda za kambi, bluu. Magodoro, bluu. Nikajua. Alikuwa anapanga safari ya jana, na ya juzi, na ya miaka thelathini. Wapakiaji hawakuwa na shaka. Wao walibeba alichoita. Dereva alikuwa amekwenda kujaza mafuta kwenye madumu.

Nilikaa juu ya matairi nikiwa na kalamu mkononi, na sikusema neno.

Nimejipa sababu nyingi tangu siku ile. Kwamba mwandishi haingii kwenye habari yake. Kwamba kumsahihisha mzee mbele ya wapakiaji ni kumvua shati hadharani. Zote ni kweli kidogo. Lakini kulikuwa na nyingine, na nitaiandika hapa kwa sababu sijawahi kuiandika mahali pengine. Niliona mwisho wa kutembea kwangu uani. Lori lingefika Engaresero, wangekuta mzigo wao umezikwa nyuma ya mzigo wote wa Malambo, wangeshusha kila kitu kwenye mchanga wa moto na kukipandisha tena, na lalamiko lingerudi. Uamuzi ungekuwa wa mama mwenye lori. Hakuna ambaye angesema mimi nilimtoa baba yadini. Ningemchukua twende Arusha, ningechukua begi nyuma ya mlango, na ningekuwa kazini kabla ya mwezi kwisha.

Viroba vya unga vikapita, vyekundu. Mafuta ya kula, mekundu. Dawa ya kuogeshea mifugo, mbali na unga, kama inavyotakiwa, hilo hakulisahau. Baba alikuwa anang'aa. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyomwona kwa miezi, kofia imerudi nyuma, akitania.

"Laza! Laza kama bibi harusi, si kama maiti!"

"Mzee, bibi harusi wa wapi mwenye kilo hamsini?"

"Tanga! Wa kwenu wana tisini!"

Nilitazama barabarani kama dereva anarudi, nikiomba arudi, nikiomba asirudi. Mama mwenye lori aliingia yadini, akasimama pembeni na shali yake, akitazama. Hakutazama vitambaa. Alitazama kama dumu la taa liko juu ya unga. Halikuwa. Aliitikia kwa kichwa polepole, kwa kuridhika, na uso wake ulilegea. Kumbe alitaka mzee ashinde.

Baba akaita, "Mabati!" Hayo yalikuwa ya mwisho, ya nyumba ya mtu Malambo. Baada ya mabati ni turubai, na baada ya turubai ni kamba.

Ili kuwasaidia kuyapitisha mabati bila kukata mtu, baba aliweka kulabu chini, kwenye jiwe, akashika ncha ya mabati kwa mikono miwili. Kulabu ilikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Nilishuka. Niliiokota, nikaenda upande wa pili wa gari, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akinitazama, nikagonga chuma cha bodi. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Wapakiaji waliganda na mabati mikononi. Walikuwa wameisikia hadithi ile kila safari kwa miaka, ila hakuna aliyewahi kugonga. Mama mwenye lori alisema, "Kuna nini?" Nilikuwa nimeshaiweka kulabu kwenye tairi la nyuma, nikasimama huku mikono yangu ikiwa mitupu na inanuka kutu.

Baba hakuuliza nani. Aliachia mabati. Alirudi nyuma hatua nne, akatazama mzigo kuanzia juu, akishuka, kama alivyosema wasimamizi walifanya. Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu. Aliinama kuchungulia katikati ya viroba, akaona bluu kule ndani kabisa, na alikaa ameinama muda mrefu kuliko uliohitajika kuona. Alipoinuka uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa kwa jina na kukuta hakuna mtu.

"Tunazunguka leo," alisema, si kwa yeyote.

"Ndiyo mzee," alijibu mpakiaji mmoja kwa sauti ya chini.

"Shusheni. Yote. Kosa ni langu."

Ikatoka miguno, na mmoja akatukana kwa Kiiraqw, lakini walishusha. Dereva alirudi na madumu, akakuta gari lake limetapika yadi nzima. "Mungu wangu, mnahama?" Alipoelezwa aliweka madumu chini bila utani mwingine. Baba alipanga upya, nyekundu ndani, bluu nje, na safari hii alimwita dereva asimame karibu naye, na kabla ya kila mzigo alimuuliza, "Huyu anashuka wapi?" Lori liliondoka jua likiwa limeshatoboa ukungu, saa tano na zaidi.

Mama mwenye lori alimfuata baba pale alipokaa kwenye jiwe akifuta jasho. Nilikuwa karibu vya kutosha kusikia.

"Baba, nani aligonga?"

"Bandarini hatuulizi."

"Hapa ni Karatu."

"Hapa ni bandari."

Alimtazama, akatazama kulabu iliyolala juu ya tairi, na sidhani alihitaji kunitazama mimi. "Lori likirudi bila lalamiko," alisema, "ahadi yangu ni ileile. Lakini kulabu haitakaa mkononi mwako tena. Itaning'inia kwenye bodi, kila mtu aifikie."

Baba alifikiri. "Mara tatu," alisema. "Mara mbili ni utoto."

Jioni nilimwekea chai. Aliishika bila kunywa. Nje magari ya watalii yalikuwa yanarudi, taa juu ya ukuta wetu, moja, nyingine. Nilikuwa nimesimama kwa sababu sikuweza kukaa.

"Nitavunja sheria mara moja," alisema. "Uliona lini?"

Ningeweza kusema niliona mwishoni. Alikuwa mzee anayesahau, angeamini.

"Tangu chumvi," nikasema.

Alitikisa kichwa. Alikuwa anahesabu, niliona midomo ikitembea: chumvi, sabuni, soda, magodoro, unga, mafuta, dawa. Orodha yote alikuwa nayo. Hakukosea kitu.

"Kutoka chumvi mpaka mabati," alisema, "ni mbali sana, mwanangu."

Kisha akanywa chai yake, na hakulitaja tena, na sijui kama ni kwa huruma au amesahau.

Lori lilirudi. Kulikuwa na neno moja tu kutoka Malambo, kwamba safari hii unga haunuki hata kidogo na kwa hiyo wanashuku si wa kwetu. Mama mwenye lori aliamua kuwa hilo si lalamiko. Kulabu inaning'inia kwenye mnyororo, upande wa kulia wa bodi. Wapakiaji hugonga, wakati mwingine kwa kosa la kweli, wakati mwingine ili wapumzike, na baba hukagua kila mara kwa uzito uleule.

Begi bado liko nyuma ya mlango. Siku za kupakia siendi na daftari. Nasimama upande wa kulia, karibu na mnyororo, mikono nje ya mifuko, nikitazama vitambaa tangu mzigo wa kwanza. Na kila anapoita mzigo wa kwanza, kabla haujapanda, baba hugeuka kunitazama, anasubiri kidogo, halafu ndipo anaonyesha mahali.